Plagi ya mashine: adapta inavyoweza kula faida ya mfugaji

WAFANYABIASHARA wengi wanaokwenda Dubai na Guangzhou kununua mashine ndogo za kilimo hupatana bei, hulipa na kufunga mzigo. Plagi huitazama wakisharudi nyumbani, pale inapogoma kuingia ukutani.

Kwa Dubai hakuna taabu, kwani huko hutumika plagi ileile ya Kiingereza yenye pini tatu bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. China ni habari nyingine. Plagi zake zina pini mbili bapa zilizo sambamba, au tatu ambazo mbili zimeinama kama paa la nyumba. Anayepeleka mzigo Rwanda au Burundi atakuta pini za mviringo.

Wengi hukimbilia adapta, ambayo kwa chaji ya simu inatosha kabisa. Mashine ya kutotolesha vifaranga ni kitu kingine. Inafanya kazi mfululizo kwa siku 21, ndani yake mna joto na maji. Adapta nyingi za bei ya chini haziunganishi waya wa ardhi, na zikilegea hupata moto. Umeme ukikatika siku ya 15 bila mwenyewe kujua, kinachopotea ni trei nzima za mayai.

Plagi ya Kiingereza, iliyoanzia mwaka 1947, ina fyuzi ndani yake isiyozidi ampea 13. Ya China haina. Kwa hiyo ni nafuu kumpa fundi akate plagi ya China na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi inayolingana na mashine: ampea 3 hutosha kwa mashine isiyozidi wati 700. Baada ya hapo kazi imekwisha, maana volti 220 za China hazina ugomvi na umeme wa hapa.

Mashine ya Marekani ndiyo ya kuogopa, hata ikiwa ya bei ya kutupa. Imeundwa kwa volti 120, na adapta hubadili umbo la pini tu, si umeme. Hita ya wati 1,000 ikipewa volti 230 huvuta zaidi ya wati 3,600 hadi iungue. Transfoma hushusha volti, lakini mizunguko hubaki 50 kwa sekunde badala ya 60, na mota nyingi za kawaida zitazunguka polepole zaidi kwa karibu sehemu moja ya sita. Muuzaji hasemi hayo. Yameandikwa kwenye kibati nyuma ya mashine.