Fundi Asiyefundisha Huzikwa na Kazi Yake

Kiswahili kina methali nyingi za kusifu urithi wa damu. Maji hufuata mkondo, twaambiwa. Ndiyo maana tukisikia kwamba fundi fulani ni mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi, tunamwamini hata kabla ya kuiona kazi yake. Katika makala haya nataka kuipinga imani hiyo. Kazi ya kutengeneza sanaa ya kale imedumu katika familia kadhaa duniani, lakini naamini kwamba haikudumishwa na damu. Ilidumu kwa sababu wenye kazi walikubali kuwafundisha wengine na kuwaonyesha wanachokifanya.

Tuanze na Chicago. Mwaka 1978 R. Agass Baumgartner alifungua karakana ya kutengeneza picha za kuchorwa zilizochakaa. Mwanawe, Julian, alijifunza kazi hiyo kwa baba yake, na baba alipofariki mwaka 2011 yeye akabaki nayo. Kazi yenyewe inataka subira: kuondoa vanishi iliyogeuka njano, kuunga turubai lililochanika, kujaza sehemu ambazo rangi imebanduka. Kanuni yake kubwa ni kwamba chochote anachoongeza fundi kiweze kuondolewa baadaye. Kwa hiyo hutangulia kupaka vanishi juu ya rangi ya mchoraji, kisha ndipo hutia rangi yake juu ya vanishi hiyo. Akija fundi mwingine miaka hamsini baadaye, ataweza kuifuta bila kuigusa kazi ya asili.

Fikirini maana ya kanuni hiyo. Fundi mzuri humwachia nafasi mtu atakayekuja baada yake, na mtu huyo huenda asiwe mtoto wake.

Julian huonyesha kazi yake kwa video kwenye intaneti, na watazamaji wake ni wengi mno. Wapo wataalamu waliosomea kazi hiyo vyuo vikuu ambao humkosoa waziwazi. Mimi naona hilo ni jambo jema. Kazi inayoonekana inaweza kusahihishwa. Kazi ya siri huwarithisha watoto ufundi pamoja na makosa yake, na hakuna wa kuwaambia.

Mfano wa pili unatoka Japani. Kampuni ya Kongō Gumi ilianza mwaka 578 kwa kujenga hekalu la Shitennō-ji mjini Osaka, ikaendelea kujenga na kutengeneza mahekalu ikiwa mikononi mwa ukoo mmoja hadi mwaka 2006, ilipozidiwa na madeni na kuchukuliwa na kampuni nyingine. Hiyo ni miaka zaidi ya 1,400. Wengi husema: tazameni nguvu ya damu! Lakini ukoo huo haukumrithisha kila mara mtoto wa kwanza wa kiume. Mara nyingine aliyerithi alikuwa mkwe, aliyeoa binti wa ukoo na kuchukua jina lao. Katika miaka ya 1930 kiongozi alipofariki, aliyeshika uongozi alikuwa mjane wake. Jina lilibaki lilelile kwa sababu mlango haukufungwa.

Sasa twende pwani yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Miji yote miwili inajulikana kwa milango yake ya nakshi. Mlango wa namna hiyo ukioza chini kwa unyevu, au mfaa wake ukipasuka, hauponi kwa gundi na rangi. Anatakiwa mtu anayeujua msaji, mvule na mbambakofi, anayejua kina cha patasi, na anayeweza kuunga kipande kipya bila kuiharibu nakshi iliyobaki. Maarifa hayo yako mikononi mwa mafundi, na wengi wao walijifunza kwa kukaa kando ya baba, mjomba au mwalimu wao. Ajali ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilitukumbusha kwamba kutengeneza cha kale si kazi nyepesi: Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Najua nitajibiwa kwamba siri ya kazi ndiyo riziki ya fundi. Akiifundisha mtaa mzima, watoto wake watakula nini? Hoja hiyo ina uzito, na si haki kumtaka fundi agawe bure alichokipata kwa jasho. Kwa hiyo alipwe kama mwalimu. Anayetaka mlango wake utengenezwe alipie pia mwanafunzi anayeshika msasa pembeni. Na mwanafunzi huyo aweze kuwa binti, au kijana wa ukoo mwingine. Fundi ambaye watoto wake wamekwenda kusomea uhasibu hajakosa warithi, amekosa wanafunzi.

Chama chetu kinahusika vipi? Sisi hatushiki patasi, lakini tunashughulika na maneno, na kila kazi ina maneno yake. Mfaa, mwimo, kizingiti, njumu: wangapi kati yetu wanaweza kuonyesha kila kimoja kwa kidole? Fundi akiondoka bila mwanafunzi, maneno yake huondoka naye, na kamusi hubaki na jina la kitu ambacho hakuna anayekitambua.

Napendekeza kwamba kila mwanachama anayekwenda pwani likizo hii amtafute fundi mmoja, aombe ruhusa, amlipe kwa muda wake, kisha arekodi anavyoieleza kazi yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Walimu wetu watusaidie kuandaa maswali na kuhifadhi rekodi hizo, na nakala moja arudishiwe fundi. Rekodi haitamfanya mtu yeyote kuwa fundi. Lakini kijana atakayetaka kujifunza kesho atakuwa na mahali pa kuanzia, hata kama baba yake aliuza samaki.