Vidukari hawana baba, bwana mwandishi

Mwandishi wa wiki jana anashikilia kwamba hakuna kiumbe kinachozaliwa bila dume, na kwamba vidukari wanaovamia sukuma wiki inayopandwa kwenye magunia huko Kayole na Dandora "huletwa na maji machafu". Amekosea mara mbili.

Ageuze jani moja tu. Chini yake atamkuta jike mwenye unga mweupe mgongoni akizaa, si kutaga: mtoto anatanguliza matako, akiwa hai, naye ni jike ambaye tayari ana vijusi tumboni. Dume haonekani hapo. Ulaya madume hutokea baridi ikikaribia, ndipo mayai yatagwe ya kuvuka majira hayo. Nairobi, hata Julai yetu ya kulalamikia, haina baridi ya kuwalazimisha, basi majike huzaana mwaka mzima.



Binti ni nakala ya mama. Aliyestahimili dawa huwarithisha binti zake wote ustahimilivu huo. Kwa hiyo mkulima wa mtaa wa Umoja akifuata ushauri wa mwandishi huyo wa kubadili maji bila kuosha migongo ya majani kwa sabuni, jike mmoja aliyebaki anatosha kulijaza gunia upya.