Kufuta namba sio kutengeneza trekta

Wasee wa Meru na Embu, leo sina kichekesho. Najua mmezoea nikiwachekesha na stori za matatu, lakini hii imenikwama kooni na lazima niiteme.

Kuna mzee mmoja, dereva wa trekta upande wa Timau. Alianza kuendesha kabla mimi nizaliwe. Msimu uliopita alikuwa anatoa viazi Kibirichia na trekta ya kisasa, zile za skrini na milio. Katikati ya mteremko taa nyekundu ikawaka, king'ora kikalia, injini ikaishiwa nguvu. Mzee akasimamisha, akaweka mawe kwa magurudumu, akampigia simu mwenye mashine.

Fundi akaja na laptopu. Akachomeka waya, akasoma, akasema: "Injini imepita kasi. Dereva alitoa gia." Akafuta namba, taa ikazima, akalipwa, akaenda zake. Dakika kumi hivi. Mzee akakatwa mshahara, halafu akaambiwa arudi nyumbani. Hakuulizwa swali hata moja.

Siku ya tatu namba ileile ikawaka tena. Na mnajua trekta ilikuwa wapi? Imesimama uwanjani, inanguruma tu pole pole, kiti kitupu. Ndipo anko wangu, ambaye nafanya kazi naye gereji hapa Makutano, akaitwa. Akaufuata waya wa sensa ya kasi kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka akafika mahali umesuguana na chuma hadi shaba inaonekana.

Sasa niambieni: siku ile mteremkoni, kosa lilikuwa la dereva au la waya? Hatujui. Na hatutawahi kujua, kwa sababu jamaa wa laptopu alifuta ushahidi. Pengine mzee alitoa gia kweli, siwezi kuapa. Lakini hakuna anayeweza kuapa kinyume pia, na mshahara wa mtu ushakatwa.

Msimamo wangu ni huu, na mnitukane mkitaka: fundi anayefuta namba kabla ya kusoma kilicho nyuma yake hajatengeneza kitu. Amezima taa tu. Taa hata mtoto anaweza kuifunika na plasta.

Tuelewane kwanza hii namba ni nini. Mashine nyingi za kisasa za dizeli zinaongea lugha moja inayoitwa J1939. Kwa lugha hiyo, 190 ni kasi ya injini. Hiyo peke yake haisemi chochote, ni kama kutaja jina la mtu bila kusema amefanya nini. Habari iko kwa mkia. Mkia wa 0 unamaanisha kasi imepita kipimo vibaya kabisa. 16 ni imepita kwa kiasi cha kati. 15 ni imepita kidogo. Lakini mkia ukiwa 2, kompyuta inasema haiamini inachosoma, yaani habari zinarukaruka. Huyo wa mwisho anakutuma moja kwa moja kwa waya na sensa. Kwa hivyo mtu akikwambia "ni 190" na akanyamaza, muulize: mkia ni ngapi, bro?

Na hata mkia ukiwa 0, hiyo bado sio hukumu. Kompyuta haina macho. Inahesabu mapigo yanayotoka kwa sensa iliyo karibu na gurudumu la meno. Waya ukichubuka au sensa ikishika vumbi la chuma, mapigo ya uongo yanaweza kuingia, na kompyuta itaapa injini ilikimbia wakati ilikuwa imetulia.

Lakini wacha nisiwadanganye, injini hupita kasi kweli pia. Dizeli hukimbia kulingana na mafuta inayopewa, na trekta nyingi zimepimiwa kazi karibu mizunguko 2,000 hadi 2,300 kwa dakika. Ikizidi sana, kompyuta inakata mafuta. Shida ni kwamba kwa mteremko, kukata mafuta hakusaidii. Trela la viazi linasukuma trekta, magurudumu yanazungusha gia, gia zinazungusha injini kwa nguvu. Dereva aliyetoa gia kuokoa dizeli, halafu akashtuka na kurudisha gia ndogo, ndiye anayeua injini. Valvu zinashindwa kurudi kwa wakati, pistoni inazigonga, na hapo hesabu ni ya laki na laki. Na sihitaji kueleza mteremko kwa watu wa barabara ya Embu–Meru. Tulizika watu zaidi ya 30 baada ya basi kutumbukia Nithi, Julai 2022.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye watu husahau: oili. Turbo ikichoka, au oili ikijazwa kupita alama, injini inaweza kuanza kuvuta oili yake yenyewe na kuichoma kama mafuta. Hapo unazima ufunguo na haizimi. Inapiga kelele, inatoa moshi, inaenda tu. Kuizima ni kuinyima hewa, na usithubutu kuziba mdomo wa hewa kwa mkono. Wa nne ni pampu au gavana iliyokwama, hasa kwa zile trekta za zamani ambazo hazina kompyuta. Na huko kuna mafundi wanaokata sili ya skrubu ya kasi "kuongeza nguvu", halafu injini ikifa wanasema ni ya kichina.

Washukiwa wanne. Namba moja. Na jamaa akachagua dereva kwa dakika kumi, kwa sababu dereva ndiye hana wa kumtetea.

Kazi ya kweli inaenda hivi, na haihitaji digrii. Kwanza, piga picha skrini kabla hujagusa kitu. Pili, fungua picha ya tukio. Kompyuta nyingi huhifadhi hali ilivyokuwa namba ilipowaka: injini ilikuwa mizunguko mingapi, trekta ilikuwa inaenda kilomita ngapi kwa saa, mafuta yalikuwa yamekanyagwa kiasi gani. Mizunguko 3,000, trekta inaenda mbio na mguu hauko kwa mafuta? Huo ni mteremko, ongea na dereva. Mizunguko 3,000 na trekta imesimama? Kama hakuna mtu aliyesikia injini ikipiga mayowe, huyo ni waya. Tatu, vua sensa uisafishe, fuata waya wote. Nne, angalia kijiti cha oili na mabomba ya turbo. Tano, kama ilipita kasi kweli, usiirudishe kazini kabla ya kupima valvu na kusikiliza injini. Kufuta namba ni hatua ya mwisho kabisa, na unaifuta ili uone kama itarudi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Wewe ulitoka chuo mwaka wa pili, unatufundisha nini?" Sawa. Nilitoka, karo ilinishinda. Lakini chuoni nilifanya mtihani wa injini kabla ya kushika injini. Anko wangu hajawahi kuandika mtihani huo, na ndiye aliyemtafutia mzee ukweli kwa vidole. Shida sio nani ana cheti. Shida ni nani anaruhusiwa kusoma. Skana ya bei rahisi inakupa namba na kitufe cha kufuta, basi. Picha ya tukio na maelezo kamili mara nyingi yako ndani ya programu ya kampuni, na hiyo fundi wa Makutano au Runyenjes hapewi. Umenunua trekta kwa mamilioni, lakini siri zake bado ni za muuzaji.

Na msiseme ni malalamiko ya watu maskini. Wakulima wa Marekani wamepigana vita hivi miaka na miaka. Colorado ilipitisha sheria 2023, ikaanza kufanya kazi Januari 2024, kwamba watengenezaji wa mashine za shamba wawape wakulima na mafundi huru vifaa, programu na maelezo ya kutengeneza. Januari 2025 serikali yao ikaishtaki John Deere kuhusu jambo hilihili. Sisi tuna kitu tayari na hatukitumii: kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kama picha ya tukio ndani ya trekta yangu sio habari ninayohitaji, basi ni nini?

Kwa upande wa mzee, sheria iko wazi zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kama mfanyakazi alikosa kwa makusudi, na akate kiasi cha haki. Makusudi, wasee. Sio "laptopu imesema". Na kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu, umweleze sababu kwa lugha anayoelewa na umsikilize, akiwa na mwenzake kando. Mzee hakupewa hata dakika tano.

Mwenye shamba sio shetani. Viazi vilikuwa vinaoza, alitaka taa izime. Naelewa. Lakini haraka yake ilimgharimu dereva mzuri na ikamwachia waya uchi ndani ya mashine. Amelipa mara mbili, na mzee amelipa mara moja, lakini yake ndiyo nzito.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii na baba yako, guka wako au jirani ana trekta, ama anaendesha ya mtu: leo jioni mwambie neno moja. Taa ikiwaka, apige picha skrini kabla fundi hajafika. Simu yenyewe iko mfukoni, si mnapiga picha chapati kila siku? Fundi akija, asifute mpaka aonyeshe mkia wa namba na picha ya tukio. Akikataa, uliza anaficha nini.

Mzee bado yuko nyumbani. Tumeandika barua, anko na mimi, tukaambatisha picha ya ule waya. Tunangoja jibu. Namba zilifutwa, lakini waya tumeuweka gereji, kwa mfuko wa plastiki, na hautaenda popote.