Kipindi cha Michezo Kina Mwenyewe

Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, ratiba ina kipindi cha mazoezi ya viungo ilhali kiwanja ki tupu. Saa yake ikiwadia, mwalimu wa Hisabati au wa Kiswahili hukitwaa ili amalize silabasi. Sababu haijifichi. Somo hili halitahiniwi katika KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989, na kisichotahiniwa hakina mtetezi.

Wapo watakaodai kuwa michezo ingali hai, mradi vikombe vinaletwa shuleni. Ni kweli kwamba shule ya St. Patrick's, Iten, ilimlea Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988. Hata hivyo, fahari ya kikosi si afya ya shule. Katika shule yenye wanafunzi 1,000, timu ya kandanda haihitaji hata 30. Waliosalia huachiwa kazi ya kushangilia, tena siku ya mashindano tu.

Aidha, Mtaala wa Umilisi, uliofikia Gredi ya 10 Januari 2026, umeipa michezo nafasi katika mojawapo ya mikondo yake mitatu: Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hatua hii yastahili pongezi. Hofu yangu ni kwamba asiyeuchagua mkondo huo ataambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kuwa kiwanja si chake. Yule anayejiandaa kuwa daktari au mhasibu naye ana moyo, mapafu na mawazo yanayohitaji kupumzishwa.

Suala hili latuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Katika fasihi simulizi, mwanafunzi hukariri sifa na umuhimu wa michezo ya watoto kama kipera cha maigizo. Huandika kwamba hukuza ushirikiano na kuimarisha viungo, akapata alama zote, hali yeye mwenyewe hajaruka kamba tangu aondoke shule ya msingi. Je, huko si kuisoma fasihi kama maiti?

Wengi wetu tutakuwa walimu. Tukifika huko, tukifunze kipera hicho uwanjani, katika vipindi vyetu wenyewe. Na riwaya teule ikichelewa kwisha, tusiilipie deni hilo kwa kipindi cha mazoezi. Kipindi hicho ni haki ya mwanafunzi.