Pikapu ya Kuvuta Tela na ya Safari za Kila Siku

Kijana mmoja wa Hombolo ametuletea suala ambalo limetufikia mara nyingi tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na watu wakawa wanajenga hata pasipofika bomba la maji. Asema amekusanya fedha za mavuno ya zabibu, hakukopa kwa riba, naye ataka pikapu moja tu: siku za kazi impeleke mjini yeye na mkewe na watoto, na Jumamosi ivute tela la tangi la maji. Rafiki zake wamwambia asinunue ila Land Cruiser. Je, ni kweli?

Twamjibu kwanza kwa hesabu, maana wengi wetu huchagua gari kwa macho. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi tangi la lita 1,000 ni tani nzima, na tela lenyewe bado halijapimwa. Tena tela huilalia pikapu kwa nyuma, na mafundi hutaka uzito huo ukaribie sehemu ya kumi ya tela na mzigo wake. Tela la kilo 1,500 huikalia pikapu kwa kilo 150 hivi, nazo ni sawa na mifuko mitatu ya saruji. Zihesabiwe pamoja na watu na vilivyomo nyuma. Jambo hili husahauliwa sana.

Ama nguvu za kuvuta, hapo hapana ugomvi mkubwa. Hilux nyingi za dizeli za miaka ya karibuni, zile zinazoendesha magurudumu yote manne, zimeandikiwa na watengenezaji wake kuvuta hata kilo 3,500 za tela lenye breki zake. Land Cruiser ya pikapu yaandikiwa kiasi hicho hicho. Ni gari madhubuti, hatukatai. Mwenye kubeba mizigo kila siku katika njia mbovu za Kondoa na Chemba hatajuta kuinunua. Lakini bei yake ni kubwa, yapenda mafuta, na ile ya kebini moja haiwatoshi watoto. Na kuwapakia watoto nyuma pamoja na mizigo, hilo hatulipendi hata kwa safari ya kwenda kisimani.

Lililo zito kuliko yote ni breki. Sisi tulifundishwa na mlima Nyang'oro, katika njia ya Iringa. Tulikwenda kuchukua mbao za kuezekea madrasa, kwa pikapu ya kuazima na tela lisilo na breki. Kupanda na tela tupu hakukuwa na taabu, tukajisifu. Wakati wa kurudi tuliteremka na gia kubwa, dereva akikanyaga breki mfululizo, hata zikatoa harufu ya kuungua na kanyagio likazama. Tela likawa ndilo lituendeshalo. Dereva alishusha gia, akaisugua pikapu kwenye ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila mbao zilitawanyika nasi tukaziokota kimya kimya.

Kwa hiyo, kijana wetu, twakuchagulia Hilux ya dizeli ya dabo kebini, na fedha itakayobaki itie katika tela lenye breki zake. Ikiwa pikapu imekwisha tumika, mlaze fundi chini yake kabla hujalipa. Atazame fremu, khasa pale pafungwapo kiungo cha tela: kutu, ufa, au alama za kuchomelewa. Rangi inayong'aa isikushughulishe.

Na tangi lijazwe au lisijazwe kabisa. Maji ya nusu tangi hukimbia huku na huku, yakaliyumbisha tela nalo likaiyumbisha pikapu. Ukiona lita 1,000 ni nyingi kwa majuma ya kwanza, azima tangi la lita 500 ulijaze pomoni, ujifunze nalo kurudi kinyumenyume mahali palipo wazi, watoto wakiwa nyumbani.