Kabla Mashine Mpya Hazijafika

Oktoba 2025 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4 na PS5, mashine za gemu za Sony, alijitokeza kwenye video pamoja na watu wa AMD, kampuni inayotengeneza chipu za mashine hizo, akaeleza teknolojia wanazozifanyia kazi kwa ajili ya mashine ya miaka michache ijayo. Microsoft nayo ilikuwa imeshatangaza mwezi Juni mwaka huohuo kwamba itashirikiana na AMD kutengeneza Xbox zijazo. Nintendo ilikuwa tayari sokoni na Switch 2. Kwa hiyo mashine mpya zinakuja, na swali linaloulizwa kila zinapokaribia limerudi: wachezaji wanazitaka?

Toleo hili tumeliandaa tulijibu tukiwa Kibaha, na jibu langu nalitoa mapema. Bado. Kizazi kipya cha mashine kinaweza kusubiri, kwa sababu kilichopo hakijatufikia sawasawa. Wachezaji wa Kibaha na Kisarawe wanapenda gemu kama wachezaji wa Tokyo na London, na wanajua kila kitu kinachotoka. Wasichonacho si hamu. Ni njia halali na nafuu ya kucheza kile ambacho tayari kipo.

Nianzie bandani, maana watoto na vijana wengi wa huku wameishika pedi kwa mara ya kwanza bandani, si sebuleni kwao. Ukiingia mitaa ya ndani kati ya Maili Moja na Picha ya Ndege hulikosi banda la gemu. Ninalolijua vizuri lina runinga nne, mbili zina PS4 na mbili zina PS3. Mechi ya PS4 ni shilingi 500, ya PS3 ni 300, na anayefungwa anapisha. Mwenye banda ana daftari, kila mechi mstari mmoja, na usiku anapiga hesabu ya kodi ya fremu, Luku na pedi. Pedi ndizo zinazommaliza. Kifundo cha kushoto, kile cha kumkimbiza mchezaji, ndicho kinachochoka kwanza. Kinaanza kuvuta upande chenyewe, na winga anatoka nje na mpira hata ukiwa umeachia. Hapo pedi inapelekwa kwa fundi simu wa jirani. Anaifungua, anaing'oa sehemu iliyokufa, anachomelea nyingine aliyoitoa kwenye pedi mbovu, na kabla wanafunzi hawajatoka shule pedi imerudi kazini.

Sasa mwambie mwenye banda huyo anunue PS5. Mashine hiyo ilipotoka Novemba 2020, yenye sehemu ya diski iliuzwa dola 499. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili kwa thamani ya shilingi ya leo, kabla ya usafiri, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kabla ya faida ya mwenye duka Kariakoo. Kwa mechi za shilingi 500 ni mechi 2,400, na hapo hajalipa umeme wala fremu. Kwa mtu wa sebuleni hesabu si nyepesi zaidi: kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000.

Zamani kulikuwa na faraja moja, nayo ni kwamba ukisubiri, bei inashuka. PS2 ilipoingia Marekani mwaka 2000 ilikuwa dola 299, na kufika 2009 ilikuwa dola 99. Kushuka huko ndiko kulikoifikisha PS2 mpaka Mlandizi, Chalinze na Kisarawe mjini. PS5 imekwenda kinyume. Agosti 2025, ikiwa inakaribia kutimiza miaka mitano, Sony iliipandisha bei Marekani kwa dola 50. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilianza kwa dola 699, na kwa bei hiyo haina hata pa kuwekea diski. Anayesubiri siku hizi anasubiria bei ya juu zaidi. Ndiyo maana siwezi kumwambia kijana wa Visiga kwamba mashine mpya ikitoka, ya zamani itamshukia mikononi kama ilivyowashukia kaka zake.

Na hapa kuna jambo ambalo wanaoandika kuhusu mashine hizi wakiwa mbali hawalioni. Kwetu kizazi hakianzi siku mashine inapozinduliwa. Kinaisha siku mpira unapokoma kutoka kwenye mashine ya zamani. Gemu la mpira ndilo linalolipa kodi ya banda. PS2 ilizaliwa mwaka 2000, na FIFA 14 na PES 2014, zote za mwaka 2013, zilikuwa za mwisho kuiingia: miaka 13. PS3 ilizaliwa 2006, na FIFA 19, iliyotoka Septemba 2018, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake: miaka 12. PS4 ilizaliwa Novemba 2013, na EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 bado imetoka kwenye PS4. Hesabu ni ileile ya miaka 12. Kwa mwendo huo, PS4 iko ukingoni, na siku EA, kampuni inayotengeneza gemu hilo, itakapoifungia mlango, mabanda yote ya mkoa wa Pwani yatalazimika kuchagua: kubaki na usajili wa mwaka jana huku wateja wakiuliza mbona mchezaji wao bado yuko timu ya zamani, au kutafuta milioni na ushee.

Wala si sisi peke yetu tuliobaki nyuma. Mwaka 2024 Sony yenyewe ilieleza kwamba karibu nusu ya watu wanaotumia mtandao wake wa PlayStation kila mwezi bado walikuwa kwenye PS4. Humo wamo watu wa Marekani, Ulaya na Japani, wenye mishahara na benki za kukopea. Kama nao hawakuhama zaidi ya miaka mitatu baada ya PS5 kutoka, basi kusema wachezaji wanakililia kizazi kingine ni kuwasemea.

Lakini bei si sehemu inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni akaunti. Ukiwasha PlayStation na kutaka kujiandikisha kwenye mtandao wake, unaulizwa nchi yako, na Tanzania haimo kwenye orodha. Kenya haimo, Uganda haimo. Kusini mwa Sahara ipo Afrika Kusini. Oman imo, hivyo ndugu yetu aliyeko Muscat anajiandikisha kwa nchi anayoishi bila kudanganya, na aliyeko Kongowe lazima aandike kwamba anaishi Johannesburg au London. Kisha anunue kadi za vocha za nchi hiyo, kwa sababu kadi ya benki ya hapa haiendani na anwani aliyoitunga, na M-Pesa haina pa kuingilia. Kila alichokinunua kinakaa kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa taarifa za uongo, na masharti aliyoyakubali yanaipa Sony nguvu ya kuifunga.

Ulimwengu uliliona jambo hili kwa siku chache tu, Mei 2024, kwa sababu ya gemu la Helldivers 2. Sony ilitaka wanaolichezea kwenye kompyuta wafungue akaunti za PlayStation, na gemu likaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazifunguliwi. Wachezaji wa nchi tajiri walipiga kelele kwa ajili yetu na kwa ajili yao, na Sony ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Nawashukuru kwa dhati. Ila sharti lililoondolewa lilikuwa la gemu lile. Orodha ya nchi ilibaki kama ilivyokuwa, na sioni kwa nini nishangilie mashine ya sita ya kampuni ambayo kwenye ya tano haijanitambua kwamba nipo.

Tukija kwa fundi, mambo yanazidi. PS2 iliishi Kibaha kwa sababu iliweza kufunguliwa kwa bisibisi moja, lenzi ikasafishwa, ikafungwa. PS4 inadai uvumilivu: umeme ukikatika ghafla na kurudi, inawaka ikikulaumu kwamba hukuizima ipasavyo, inaanza kukagua hifadhi yake, na benchi zima linasubiri. Bado inafunguka, feni inafutwa vumbi, inapakwa dawa mpya ya kupooza chipu. PS5 inatumia metali ya majimaji kupooza chipu yake. Metali hiyo inapitisha umeme. Tone likichuruzika pasipotakiwa, bodi imekufa. Na PS5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 ina sehemu ya diski inayochomoka, jambo zuri kwa fundi, isipokuwa ukiipachika mashine inataka intaneti kwanza ili iitambue sehemu hiyo. Fundi wetu anaweza kujifunza yote haya, tena kwa haraka. Anachokosa ni vipuri na maelekezo, na hakuna anayempelekea.

Diski nayo ni mali kwa namna ambayo gemu la kupakua haliwezi kuwa. Diski inaazimwa, inabadilishanwa, inauzwa ukichoka nayo. Mashine isiyo na diski inamtaka mtu wa Kibaha apakue gemu linaloweza kufika GB 100. Hata akibahatika kupata bando la shilingi 1,000 kwa GB moja, ni laki moja ya bando juu ya bei ya gemu lenyewe.

Wapo wanaokihitaji kizazi kipya kweli, na sitawaficha. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alifika mashindano ya kimataifa kupitia Tekken 7. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 haikuletwa kwenye PS4 kabisa. Ni PS5, Xbox mpya au kompyuta. Mchezaji wa ushindani hana hiari: asipohama, amestaafu. Kijana wa Kisarawe mwenye vidole kama vya Gathoni yuko nyuma kabla hajaanza, na huyo ndiye ninayemfikiria ninaposema mashine iliyopo ishuke bei, maana mashine nyingine juu yake itamsogeza mbali zaidi.

Wapo pia wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba simu imemaliza kila kitu. Ni kweli vijana wetu wanacheza eFootball na Dream League Soccer kwenye simu, na kwenye Dream League wanaweka jezi za Simba na Yanga kwa mikono yao. Hata Sony imesoma alama hizo: Januari 2024 mfuko wake wa uwekezaji kwa Afrika uliweka fedha kwenye Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini inayoshughulika na gemu za simu. Nalikubali hilo, ila simu haikai watu wawili kwenye benchi moja. Banda linakaa.

Na kwa kuwa banda linakaa watu, wazazi na wenyeviti wa mitaa wana haki ya kuuliza nani anakaa humo saa nne asubuhi. Mwanafunzi mwenye sare bandani muda wa masomo ni kosa la mwenye banda, na anayempokea afungiwe. Lakini banda la gemu lisichanganywe na mashine za bonanza zinazomeza sarafu za watoto. Kule mtoto anacheza kamari. Hapa analipia mechi na anaipata.

Kibaha ina kumbukumbu yake kuhusu vitu vinavyotoka nje. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianza mradi uliokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha: shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ziliukabidhi kwa serikali, na kazi ikaendelea mikononi mwa Watanzania. Sidai Sony au Microsoft wajenge shule. Nadai walete mashine pamoja na kile kinachoifanya iishi: akaunti ya Tanzania, malipo ya simu, vipuri, na bei inayoshuka kadiri mashine inavyozeeka. Kurasa zinazofuata zina sauti za wenye mabanda, mafundi na wachezaji, na karibu wote wanayataja hayo kabla ya kutaja ubora wa picha.

Wasituambie kwamba soko letu halilipi kufuatwa. Aprili 2014 EA ilitoa gemu la Kombe la Dunia la Brazil. PS4 ilikuwa imeshatoka miezi mitano nyuma, lakini gemu hilo lilitolewa kwenye PS3 na Xbox 360 tu, kwa sababu huko ndiko wachezaji wengi walikokuwa bado. Na kwa kuwa lilibeba timu 203 zilizocheza michezo ya kufuzu, Taifa Stars ilikuwamo. AFCON ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na mabanda yatajaa vijana wanaotaka kuichezea timu yao. FC 26 haina Taifa Stars, si kwenye PS4 wala kwenye PS5. EA na Sony wana muda wa kuiweka, tena kwenye mashine ambazo tayari tunazo.