Kazi ya Fundi: Mwaka wa kamyo yako ni upi?



Baba wa jamaa anayelisha watoto wake kwa kazi ya kamyo aijua taabu hii. Kamyo imeharibika, fedha imekusanywa kwa shida, mtu ametumwa mji wa mbali kununua kipande cha kubadili, naye muuzaji anamwuliza neno moja: «Kamyo yenu ni ya mwaka gani?» Akijibu kwa kubahatisha, atarudi na kipande kipya kisichoingia. Fedha imepotea, kamyo ingali imelala uani, na karo ya watoto haijalipwa. Juma hili, basi, tujifunze namna ya kuutambua mwaka wa kamyo kuukuu.

Kwanza, tujue kwamba kamyo moja yaweza kuwa na miaka mitatu. Kuna mwaka ilipoundwa kiwandani. Kuna mwaka ambao kiwanda chenyewe kimeipa kuwa jina la namna yake. Tena kuna mwaka ilipoandikishwa mara ya kwanza. Miaka hiyo si lazima ilingane. Viwanda vya Marekani vina desturi ya kuanza namna ya mwaka ujao kabla mwaka wa sasa haujaisha. Hivi kamyo iliyoundwa Oktoba 1964 kwa kawaida huitwa ya 1965. Halafu yaweza kukaa miezi mingi kwa muuzaji bila kuandikishwa. Basi mwenye kutegemea karte roze peke yake aweza kukosea mwaka mzima, au zaidi.

Pili, hata mwaka ulio sahihi pengine hautoshi. Chukueni mfano wa Chevrolet. Mwaka 1955 kiwanda hicho kilikuwa na kamyo za namna mbili. Za kwanza zilikuwa na umbo lile lililoanza mwaka 1947, na umeme wake ulikuwa wa volti 6. Mwezi wa Machi likatokea umbo jipya kabisa, lenye kioo cha mbele kilichopinda hata pembeni, na umeme wa volti 12. Zote mbili ni za 1955! Mtu anayeagiza kioo, mlango au dinamo akisema tu «ni ya 1955», amesema nusu ya neno.

Lakini mwenye macho hapotei upesi. Katika kamyo zile za umbo la 1947, kioo cha mbele chenye vipande viwili chaonyesha kwamba haikupita mwaka 1953. Kioo cha kipande kimoja ni cha 1954 au cha mwanzo wa 1955. Kidirisha kidogo cha pembeni mlangoni kilianza mwaka 1951. Hata hivyo, mlango na kioo hubadilishwa, hasa kwa kamyo iliyokwisha kuanguka. Kwa hiyo tusisadiki shahidi mmoja.

Shahidi mkubwa ni namba ya shasi. Itafuteni katika kibati cha kiwanda, kisha katika chuma chenyewe cha shasi, mkiondoa matope na kutu kwa brashi. Namba hizo mbili zikipingana, msinunue kipande wala kamyo kabla ya kujua sababu: pengine bodi imetoka kwa kamyo nyingine, pengine ni mali ya wizi.

Tangu mwaka 1981, kamyo zilizoundwa kwa soko la Marekani zina namba yenye alama 17. Hesabuni toka kushoto hata alama ya kumi: hiyo ndiyo ya mwaka. B ni 1981, C ni 1982, na kuendelea hivyo. Herufi I, O, Q, U na Z hazitumiki mahali hapo. J ni 1988, na Y ni 2000. Kisha zafuata tarakimu, 1 kwa mwaka 2001 hata 9 kwa 2009. Halafu A yarudi kwa 2010. Hivi J ni ya 1988 na ni ya 2018 pia; lakini ni nani asiyeweza kutofautisha kamyo ya babu na ya mjukuu?

Mjihadhari: kamyo za Ulaya na Ujapani zisizoundwa kwa soko la Marekani si lazima zifuate kanuni hiyo. Na kabla ya 1981 kila kiwanda kilikuwa na namba za namna yake. Kwa kamyo hizo, nakilini namba yote bila kuacha alama moja, mkampe muuzaji mwenye kitabu cha kiwanda, naye atafute humo.

Shahidi mwingine ni moteri. Katika moteri za Chevrolet za zamani, tarehe ya kusubu chuma imeandikwa katika chuma chenyewe: A ni Januari, L ni Desemba, yafuata siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. D 15 5 ni tarehe 15 Aprili 1955, au 1965. Lakini tarehe hiyo ni ya moteri, si ya kamyo. Moteri ikiwa imebadilishwa, vipande vyake vifuate mwaka wa moteri, na vipande vya freni vifuate ekseli iliyopo chini ya kamyo.

Mwisho, mtu anayetumwa kununua achukue mkononi kipande cha zamani, hata kikiwa kimevunjika, pamoja na namba iliyoandikwa juu yake. Apime upana, ahesabu meno na matundu, kabla ya kutoa fedha.

Fundi mwingine husema: «Kinakaribia kufanana, tukilazimishe kwa nyundo.» Kwa kiti au kwa taa, hasara ni ya fedha. Kwa freni na usukani, hasara ni ya watu. Juu ya mizigo wameketi akina mama waendao sokoni, na wanafunzi warudio nyumbani. Maisha yao yamewekwa mikononi mwa fundi. Amri ya tano, «Usiue», yamhusu hata yeye aliye chini ya kamyo na ufunguo mkononi. Afadhali kamyo ilale juma jingine, kuliko kushuka mlima na kipande kisicho chake.